Mbwa Aliyeijua Njia ya Alhamisi

Nilinunua gari la don Gildardo Buriticá, sikununua mbwa. Hilo nililisema siku ile ile, tukiwa tumesimama mbele ya kanisa la San Bernabé na madereva wote wa foleni ya magari ya abiria wakisikia, na nimelirudia mara nyingi tangu hapo.

Gari lenyewe ni jipu la Willys la mwaka hamsini na tatu, la kijani, halina milango, magurudumu yote manne yanavuta, na chini ya kioo cha mbele limeandikwa kwa rangi nyeupe La Consentida, yaani yule aliyedekezwa. Na kudekezwa lilidekezwa kweli. Mzee alikuwa akiliosha kila jioni kwa ndoo na kitambaa, na matope yaliyojificha ndani ya magurudumu akiyachokoa kwa kijiti, taratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio.

Mbwa aliitwa Tornillo, maana yake skrubu, kwa sababu alipokuwa mdogo alimeza moja na ikatoka upande wa pili bila kumdhuru. Rangi yake ni ya sukari guru, sikio moja limesimama na jingine limelala. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa na mahali pake pamoja tu duniani: kiti cha mbele cha abiria, kidevu juu ya dashibodi. Abiria aliyetaka kukaa mbele alibanana naye, au alipanda nyuma pamoja na magunia.

Don Gildardo alikuwa na miaka sabini na mmoja, na goti lake la kushoto lilikuwa limegoma kukanyaga klachi. Hakumwambia mtu, ingawa sote tuliona. Alisema tu kwamba amechoshwa na barabara. Mimi, Rubiela Quiceno, nilikuwa nimeendesha gari la mjomba wangu miaka tisa na nilitaka la kwangu. Tukapatana bei tukinywa vikombe viwili vya kahawa. Akanipa funguo, akanionyesha jinsi ya kulibembeleza asubuhi likiwa na baridi, kisha akapiga mluzi.

"Twende, Tornillo."

Mbwa hakushuka.

"Tornillo. Nyumbani."

Tornillo akamtazama, akatikisa mkia mara mbili kwa heshima zote, halafu akageuza macho mbele kama abiria aliyekwisha kukata tiketi.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hernando, ambaye sote tunamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika, akapaza sauti: "Don Gildardo, umepewa talaka! Tena mbele ya kanisa!"

Mzee akambeba mbwa mikononi, akaenda naye akichechemea. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nilipotoka kuwasha gari, Tornillo alikuwa amekaa kitini, manyoya yamelowa umande. Nikamrudisha. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu don Gildardo mwenyewe alikuja kwenye foleni, kofia mkononi.

"Miaka kumi na mmoja nimemlisha," aliniambia. "Nyama kutoka sahani yangu mwenyewe. Kumbe alikuwa anapenda gari."

"Atazoea, don Gildardo. Mfunge siku mbili tatu."

"Sijawahi kumfunga, wala sitaanza leo. Kaa naye, mwanangu. Usimpe mifupa ya kuku tu." Akavaa kofia, akaondoka bila kugeuka. Madereva hawakucheka safari hii.

Mimi na mbwa hatukuwa marafiki. Nilipokuwa na miaka saba mmoja aliniuma paja, alama ninayo mpaka leo. Lakini lazima niseme ukweli: huyu alikuwa anaijua kazi kuliko mimi. Barabara yetu inapanda kutoka mjini mpaka La Cristalina katikati ya mashamba ya kahawa, na watu wanaosubiri gari hukaa kivulini, huwezi kuwaona mpaka umewapita. Tornillo aliwaona, au aliwanusa, sijui. Kabla ya kona alibweka mara moja, nami nikikanyaga breki namkuta mtu na gunia lake. Nyumba ambazo mzee alizoea kuteremsha mkate zilipigiwa kelele mpaka nirudi kinyumenyume. Bata mzinga wa familia ya Londoño iliyo kando ya barabara alitukanwa kila siku, kwenda na kurudi.

"Mwanangu," aliniambia mama mmoja aliyekuwa amebanana na Tornillo kitini na kapu la mayai mapajani, "huyu ndiye mwenye gari. Wewe umeajiriwa kushika usukani."

Wiki ya tatu, kwa mara ya kwanza, nilipata zamu ya La Cristalina siku ya Alhamisi. Nilishusha abiria wa mwisho kule juu, nikaanza kuteremka kama saa tisa, gari tupu, jua zuri. Mahali penye mitende mitatu mirefu kuna njia ya zamani inayochepuka kushoto, majani yameota katikati. Tornillo akasimama juu ya kiti akabweka. Nikatazama: hakuna mtu. Nikaongeza mwendo. Akabweka kama nyumba inaungua. Nikamwambia afunge mdomo. Basi akaruka chini gari likitembea, akabiringika, akainuka, akashika ile njia mbio bila hata kuniangalia.

"Nenda!" nilimpigia kelele. "Nenda moja kwa moja!"

Nikaenda kama mita hamsini. Halafu nikafikiria nitamwambia nini don Gildardo. Nikarudi kinyumenyume, nikitukana kwa maneno ambayo marehemu mama asingependa kuyasikia.

Njia ilikuwa mbaya, lakini kuna kitu nilikiona mara moja. Chini ya majani palikuwa na mifereji miwili ya magurudumu, na magurudumu ya Willys yangu yaliingia ndani yake kama mguu kwenye kiatu chake. Nikatia gia nzito, nikavuka kijito chenye mawe, nikapanda kilima, na hapo nikaona nyumba nyeupe yenye nguzo za buluu na maua mekundu yaliyopandwa kwenye makopo barazani. Mezani palikuwa na vikombe viwili. Sakafuni palikuwa na sahani yenye mfupa wa ng'ombe, na Tornillo alikuwa amekwisha kufika kazini.

Mwanamke wa miaka sitini na kitu, amevaa buti za mpira na aproni, alitoka akifuta mikono. Alitazama kiti cha dereva. Akatazama cha abiria. Akatazama nyuma, kwenye magunia matupu.

"Yuko wapi?"

"Shikamoo, mama. Mimi ni Rubiela, nimenunua hili gari kwa—"

Rangi ikamtoka usoni. "Amekufa."

"Hapana, mama! Mzima kabisa. Ni goti. Goti limekataa klachi."

Akakaa. Akavuta pumzi mara mbili, tatu. Halafu, nikimtazama, hofu ikamtoka na hasira ikaingia.

"Goti!" alisema. "Alhamisi mbili nimechemsha kahawa ya watu wawili. Ya kwanza nikajiambia ni mvua. Ya pili nikamlilia kama marehemu, maana nilisema ni kifo tu kinachoweza kumzuia yule mtu. Kumbe goti!"

Hivyo ndivyo nilivyomjua doña Aracelly Montes, mjane, mwenye ng'ombe watatu na kahawa kidogo. Aliniwekea kikombe kingine kutoka jikoni. Kile cha pili kilichokuwa mezani hakuniruhusu kukigusa. Akanisimulia. Miaka sita nyuma don Gildardo alimletea mfuko wa saruji na kilo moja ya misumari, akapewa kahawa. Alhamisi iliyofuata akapita kuuliza kama misumari ilitosha. Iliyofuata tena akaleta mingine, ikiwa haikutosha.

"Nina misumari ya kujengea kanisa," alisema. "Njoo uone." Akanionyesha ndoo imejaa, mingine bado kwenye karatasi za dukani.

"Na miaka yote sita hajawahi kusema kitu?"

"Amesema mengi. Mvua. Daraja la juu, daraja la chini. Mbwa huyu alivyomeza skrubu, hiyo nimeisikia mara arobaini." Alinyoosha aproni yake magotini. "Mimi ni mjane, mwanangu, si kipofu. Nilikuwa namsubiri tu amalize habari za madaraja."

Nilipoinuka kuondoka alinisindikiza mpaka garini. Tornillo alipanda mwenyewe, amelamba mpaka masharubu. Doña Aracelly aliweka mkono juu ya boneti ya moto, akafikiri.

"Mwambie," alisema, "misumari imekwisha."

Nilimkuta don Gildardo kwenye chumba chake nyuma ya duka la mikate, mguu umelazwa juu ya kigoda na kufungwa majani ya dawa. Nilitoa salamu kama nilivyotumwa, neno kwa neno. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni mpaka ukingo wa kofia.

"Imekwishaje? Ana ndoo nzima!"

"Mimi sijui. Nimetumwa tu."

Akavua kofia. "Nani alikupeleka kule?"

Nikaonyesha mlangoni, ambako Tornillo alikuwa amejilaza akiwaza mambo yake.

"Msaliti," mzee akasema, lakini alikuwa anacheka, na macho yake yalikuwa yameloa. "Kumbe hakulipenda gari. Alikuwa anawaza ule mfupa."

"Yeye anataka mfupa. Na wewe unataka nini, don Gildardo?"

Hilo halikumchekesha. Aligonga goti lake kwa kidole.

"Sikiliza, Rubiela. Nilikuwa dereva. Dereva anapita. Unapita kwa mtu, unaacha kitu, unakunywa kahawa, hakuna anayekuuliza, njia ndiyo imekuleta. Mtu asiye na gari hapiti. Anakwenda. Anatoka nyumbani kwake amevaa shati safi, na kila anayemwona anajua anakwenda wapi. Na akifika, lazima aseme amefuata nini. Mzee wa miaka sabini na mmoja, mwenye goti bovu. Nikamwambie nini?"

Nilimwambia kwamba Alhamisi saa nane nitakuwa nje ya duka la mikate na nitapiga honi mara moja tu.

Alikuwa amesimama tayari nilipofika. Shati jeupe, amenyoa mpaka amejikata kidevuni, mkononi ana kifurushi cha karatasi. Sikuuliza kuna nini ndani. Tornillo alimpokea kwa vilio na kumlamba uso mzima, lakini kiti hakuachia. Ikabidi mzee akae na mbwa apande mapajani.

Sijawahi kubeba abiria mbaya kama yule. "Hapa gia ya pili. Ya pili, Rubiela! Shika kulia, kushoto kuna jiwe. Unaliumiza."

"Don Gildardo, gari la nani hili?"

"La kwako."

"Basi niachie niliumize kwa raha zangu."

Akavumilia kona mbili nzima. Tulipofika mitende mitatu Tornillo alianza kutetemeka kwa furaha, na mzee akanyoosha kola ya shati lake. Kwenye kijito alifumba macho.

Doña Aracelly alikuwa barazani. Alikuwa amevua aproni. Mimi nilifungua boneti nikajifanya napima oili, ambayo nilikuwa nimeipima asubuhi. Nilisikia kila kitu.

"Nimekuletea misumari."

"Weka hapo."

Kifurushi kikatua mezani, kisha nikasikia tena sauti ya doña Aracelly.

"Goti?"

"Baya."

"Huko chini mvua imenyesha?"

"Kidogo. Daraja la chini wameweka mbao mpya."

Nilitamani nimrushie spana. Lakini basi nikasikia kiti kinasogezwa, na sauti ya mzee ikatoka nyembamba, kama ya mtu mwingine.

"Aracelly. Leo sikupita. Leo nimekuja."

"Nimeona," akasema yeye. "Tena umechelewa miaka sita. Kaa, kahawa inapoa."

Nilifunga boneti taratibu nikaenda kuwatazama ng'ombe. Nilikaa na ng'ombe saa nzima.

Baada ya hapo kila Alhamisi nilimpeleka, na mwezi wa pili wa safari hizo wakaamua: wataoana kwa padri, watu wachache, naye mzee atahamia kule juu. Kuhusu Tornillo mzee alikuwa amekwisha kufikiri. "Abaki na wewe. Kule atanenepa, hana wa kumbwekea. Huku ana kazi." Nilisema sawa kwa sauti ya mtu anayebebeshwa mzigo, ila ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kumpikia.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Kuhama kukaangukia Jumapili, na Jumapili hiyo ilikuwa sikukuu ya magari yetu, siku ambayo kila Willys la milima hii hushuka mjini limebebeshwa mpaka springi zinalia: mikungu ya ndizi iliyopangwa kama ukuta, magunia ya kahawa, mianzi, na lile kundi linalopendwa kuliko yote, mzigo wa kuhama nyumba, ambapo watu hupakia vyombo vya zamani ili waamuzi watazame nani amepanga vizuri zaidi.

"Tutahama Jumatatu," alisema don Gildardo.

"Tutahama Jumapili, katikati ya maandamano," nilimwambia. "Nimekwisha kuandikisha jina."

Tulipakia tangu asubuhi. Kitanda, godoro, kabati la mama yake la mbao nyekundu, picha ya Moyo Mtakatifu, masufuria, redio, kuku wawili kwenye tundu, kiti cha kubembea juu kabisa. Na pembeni, mahali ambapo mji mzima ungeiona, nikafunga poti yake nyeupe ya haja ya usiku, ile ya chini ya kitanda.

"Hiyo hapana," alisema.

"Hiyo ndiyo itakayotupa ushindi."

Bendi ilikuwa inapiga, watu wamejaa mpaka kwenye roshani, chupa za pombe ya anisi zinapita mkono kwa mkono. Kasuku alikuwa mbele yetu na ndizi zake. Alitugeukia. "Rubiela! Huo mzigo wa maonyesho umeuazima wapi?"

"Si wa maonyesho. Mzee anahamia kwa mke wake. Sasa hivi!"

Sikuhitaji kusema zaidi. Kasuku alimalizia kazi iliyobaki. Habari ilitutangulia barabara nzima. Wanawake walitutupia maua kutoka juu. Mwamuzi mmoja, kijana mwenye ubao wa kuandikia, alitusimamisha akaanza kuzunguka gari akiuliza kabati ni la mwaka gani, na je, zamani watu walikuwa wanafunga kamba hivyo kweli.

"Bwana," don Gildardo alimwambia, "haya si maonyesho. Haya ndiyo maisha yangu, na kuna mtu ananisubiri. Fanya haraka, tafadhali."

Uwanja ulilipuka kwa vicheko. Halafu kelele ikawa moja: "Inua! Inua! Inua!" Walitaka Willys lisimame kwa magurudumu ya nyuma, kama tunavyofanya siku ile kila mwaka, mzigo mzito nyuma, mbele hewani, gari linazunguka kama pia ya watoto.

"Usithubutu," alisema mzee. "Kabati la mama yangu." Akateremka, akasimama pembeni ameegemea fimbo. Akalitazama kabati. Akanitazama mimi. "Haya, thubutu. Gia ya kwanza, usukani wote kushoto, usiogope."

Nikakanyaga. Pua ya La Consentida ikapanda, ikapanda, mpaka sikuona kitu ila mbingu. Tornillo alikuwa kitini pake, kidevu kwenye dashibodi, anayabwekea mawingu. Tukazunguka mara moja, mara mbili, kuku wanapiga mayowe, masufuria yanalia, roshani zinapita na nyuso zote midomo wazi. Mara ya tatu kamba ya poti ikakatika. Iliruka juu ya vichwa vya watu kama ndege na Kasuku akaidaka kwa mikono miwili, nje ya gari lake, mbele ya padri. Kabati halikusogea hata kidole kimoja. Nilivyojua mimi kufunga kamba, halikuwa na ruhusa.

Tulipata nafasi ya pili. Ya kwanza walipewa watu wa mji wa jirani waliokuja na cherehani na nguruwe mzima aliyevaa kofia, na siwezi kusema walipendelewa, nguruwe yule alikuwa mzuri. Zawadi yetu ilikuwa mifuko miwili ya mbolea. Don Gildardo hakungoja kupigwa picha.

Tulipoanza kupanda mlima niligundua hatuko peke yetu. Magari saba yalikuwa yametufuata na mizigo yake yote, Kasuku wa kwanza, honi mfululizo, watu wananing'inia nyuma na bendi nusu nzima imejipakia juu ya mianzi. Kwenye kijito tulivutana kwa kamba mmoja mmoja. Doña Aracelly alitusikia kutoka mbali, na tulipotokeza kilimani alikuwa amesimama uani na buti zake, mikono kiunoni.

"Nilisema aje mwanamume mmoja!" alipiga kelele. "Mbona mmeniletea mji?"

Kabati halikupita mlangoni. Walijaribu kwa mbele, kwa ubavu, kwa kulipindua, kila dereva akiwa mtaalamu, mpaka doña Aracelly akaleta nyundo mwenyewe na kung'oa fremu ya mlango. Wakati wanaume wanairudishia, bendi ilikuwa imeanza, na don Gildardo alicheza na mkewe uani kwa mguu mmoja na nusu, akimwambia kitu sikioni ambacho kilimfanya ampige kofi la bega na kucheka mpaka akashika nguzo. Tulikula maharage na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, kwenye sahani, kwenye vifuniko vya sufuria, kwenye majani ya migomba.

Jua lilikuwa bado halijashika mlima tulipoanza kuteremka, magari manane kwa mstari. Doña Aracelly alinipenyezea kifurushi cha moto ndani ya kitambaa, arepa sita, yaani vimikate vya mahindi vyenye jibini, za njiani. Nilikula mbili. Tornillo alikula nne, na mpaka daraja la chini alikuwa amelala, kichwa juu ya paja langu lenye kovu, mzito kama gunia.